Springi za Mlimani

Gari letu halikuwa linavuka reli za tramu, lilikuwa linaziruka. Kwanza linaruka kwa nyuma, halafu linasogea upande kidogo, halafu ndipo linakumbuka kwamba lina dereva. Na dereva ni mimi. Kwenye zile barabara za Anderlecht, hapa Bruxelles, zilizopangwa mawe, nilikuwa nafika niendako mabega yananiuma na meno yamegongana njia nzima, na bado kulikuwa na watu wa kuniuliza mbona nimenuna.

Ni gari la zamani, basi dogo la watu na mizigo, linalosukumwa na magurudumu yote manne. Linatumia petroli, ndiyo maana bado linaruhusiwa kuingia mjini wakati wenzake wengi wa dizeli wameshafukuzwa. Mume wangu alilinunua kwa mkulima mmoja wa nje ya Bruxelles, na kabla hata sijalizunguka kulitazama akaniambia nisilizoee. Halikuwa la hapa. Lingepanda meli Antwerp, lingeshuka Dar es Salaam, lingekata barabara mpaka Bujumbura, halafu lingepanda mlimani kwenye kiwanja chetu, ambako mvua ikinyesha njia inageuka uji mwekundu na magari ya kawaida yanabaki chini yakitazama. Yeye angekuwa kwenye usukani, mimi pembeni, sufuria zangu nyuma.

Wakati linasubiri safari, mimi nikaliazima. Kazi yangu ni kupikia watu: harusi, akika, hitima, na sherehe za wenzetu Wakatoliki ambao wakishaonja pilau yangu hawana maswali. Nilisema nitaliazima kidogo tu. Watoto wakamaliza shule, wakahama, mmoja akaoa, na mimi bado nilikuwa nimeliazima.

Sisi wawili tumezaliwa Buyenzi. Anayeijua Bujumbura anaelewa nasema nini: ni mtaa ambao ukitoka mlangoni asubuhi, kitu cha kwanza kukiruka ni miguu ya fundi aliyelala chini ya gari. Kwa hiyo kila mwanamume wa Buyenzi anaamini kwamba ufundi uko kwenye damu yake, hata kama maisha yake yote amefanya kazi nyingine. Mume wangu alifanya kazi ya kutunza wazee hapa Ubelgiji mpaka akawa mzee mwenyewe. Amenyanyua Wabelgiji wengi kuliko injini. Lakini mpe gari, atainamisha kichwa, atasikiliza, atalipiga tairi teke, na hukumu itatoka.

Hukumu ya gari letu ilitoka siku ya mchuzi. Nilikuwa nimebeba sufuria mbili tu, moja ya wali na moja ya mchuzi wa mbuzi, napeleka kwenye akika ndogo upande wa Matonge, mtaa wa Waafrika hapa mjini. Kwenye barabara ya Chaussée de Wavre, mbele ya maduka ya vitenge, basi la abiria lililonitangulia likasimama ghafla. Nikakanyaga breki, gari likaruka, likasogea, na sufuria ya mchuzi ikalala chali. Nilifika kwenye akika na wali mkavu na gari linalonukia vizuri mno. Wenye shughuli walikuwa waungwana, walicheka, wakatuma mtu kununua kuku wa kuchoma. Mimi sikucheka. Nilirudi nyumbani nimevimba kwa hasira na aibu.

Mume wangu alitazama sakafu ya gari, akatazama matairi, akanitazama mimi.

"Shida si gari," akasema. "Shida ni chauffeur."

"Dereva huyu amekubeba wewe miaka yote hii."

"Donc najua ninachosema, mama."

Akaamua kwamba kuanzia hapo ataendesha yeye, mimi nikae pembeni nishike sufuria. Alisema kwa upole, kama mtu anayenipunguzia mzigo, na hapo ndipo nilipozidi kuwaka. Mume wangu nampenda, lakini hawezi kupita Matonge bila kusalimia. Anasimamisha gari katikati ya njia, anashusha kioo, anaulizia ukoo mzima wa mtu, na nyuma mabasi yanapiga honi. Chakula changu kingekuwa kinafika kimeganda, na wateja wangu wangekimbilia kwa mama mmoja wa Schaerbeek ambaye, nasema bila kinyongo, hajui wali. Halafu kulikuwa na jambo jingine ambalo sikumwambia. Leseni niliipata nikiwa mtu mzima, baada ya kuanguka mtihani mara ambazo sitazitaja. Usukani ule ulikuwa wangu kuliko kitu kingine chochote nilichopata katika nchi hii, na sikuwa tayari kuutoa kwa kosa ambalo si langu.

Tukawekeana sharti. Binti wa jirani yetu alikuwa anaolewa, na chakula chote cha harusi nilipewa mimi. Nikiugundua ugonjwa wa gari kabla ya harusi, naendelea kuendesha. Nisipougundua, siku ya harusi namkabidhi ufunguo, na sitaudai tena.

Habari ikaenea, kwa sababu mume wangu aliieneza. Ijumaa baada ya swala wanaume wa kwetu wakalizunguka gari mbele ya msikiti, kila mmoja na ugonjwa wake mkononi. Mmoja alisema ni usukani umelegea. Mwingine alisema ni beringi za magurudumu ya mbele. Wa tatu, aliyekuwa amevaa kanzu nyeupe kabisa, alilala chini barabarani kabla mtu hajamzuia, akatoka na doa la mafuta kifuani na habari kwamba labda ule mtambo wa magurudumu manne umeng'ang'ania, haujaachia. Hilo mume wangu alilikataa akiwa ameumia kabisa. Mtambo ule alikuwa anauwasha mwenyewe mara moja moja kwenye kiwanja cha maegesho, ili usisahau kazi yake ya mlimani.

Nikalipeleka kwa fundi wetu, mtu wa Bukavu, mwenye karakana chini ya njia ya treni. Ni mtu wa maneno mengi na manukato mengi, na kazi anaijua. Alilinyanyua gari, akayatikisa magurudumu moja moja juu chini na kushoto kulia, kuona kama yanacheza. Hayakucheza. Akanikalisha kwenye usukani niuzungushe huku yeye akitazama chini kama magurudumu yanachelewa kufuata. Hayakuchelewa. Akatazama mtambo wa magurudumu manne. Ulikuwa umeachia vizuri. Akalishusha, akaja kwenye kona ya nyuma, akaliegemea kwa uzito wake wote, na si haba, ili aone litabonyea vipi na litatulia vipi.

Halikubonyea.

"Ona, maman!" akasema kwa furaha. "Haishuke hata kidogo! Amortisseurs iko bien, na ressorts iko nguvu, mupya kabisa. Gari ya namna hii sasa hauione tena. Hii ni gari ya muntu anajua gari."

"Sasa kama shokamzoba na springi ni nzima, mbona linaruka?"

Akakuna kidevu. "Pengine ni charge. Unabeba bintu mingi. Punguza mizigo, maman."

Akanyoosha magurudumu ya mbele ambayo yalikuwa yametazamana kidogo, akanitakia heri. Mume wangu alipopata ripoti, na hasa ile sehemu ya mtu anayejua gari, alitembea nyumba nzima akiimba.

Nikapunguza mizigo. Nilichokuwa nabeba kwa safari moja nikakibeba kwa mbili. Gari likazidi. Nikatoa kisanduku cha vyuma cha mume wangu, nikatoa gurudumu la akiba, nikatoa viti vya nyuma kabisa ambavyo havikaliwi. Likazidi tena. Kwenye mawe lilikuwa linapiga hatua ndogondogo za pembeni, na upepo ukivuma kwenye barabara kubwa ilinibidi nilishikilie kwa nguvu zote. Jirani akaja kunipa idadi ya wageni, nikamjibu huku nafikiria breki. Usiku nilikuwa naota natembea kwa miguu kwenda harusini na sufuria kichwani.

Nilianza kuamini kwamba ni mimi. Hilo lilinitia huzuni ya kweli. Nilijitazama mikono nikajiuliza imeanza lini kuzeeka.

Wiki ya harusi nikaenda soko la machinjioni, Anderlecht, kununua vitu vya mwisho. Nilikwenda na wenzangu wa jikoni, mama wanne wa kwetu, wanawake wenye afya, ambao kila mmoja akikaa kiti kinajua kimekaliwa. Tulinunua magunia ya mchele, vitunguu, mafuta, na mbuzi waliochinjwa. Nilipakia kila kitu pamoja, kwa sababu nilikuwa nimeshakata tamaa: kama ni safari zangu za mwisho, basi na ziwe chache. Mama wanne wakaingia juu ya hayo yote. Nikasoma dua, nikaondoka.

Gari likatulia.

Nilipita kwenye mawe, likapita nami. Nikavuka reli za tramu nimeshika usukani kwa nguvu nikisubiri ule mruko, na mruko haukuja. Nikakata kona ya mviringo, likainama kidogo kwa heshima, likanyooka. Nyuma mama wanne walikuwa wanagombana kuhusu bei ya vitunguu na hakuna aliyejishika popote. Mikono ilikuwa ile ile niliyokuwa naisikitikia.

Nikasimama pembeni.

"Shukeni," nikawaambia.

"Tumefika?"

"Hapana. Shukeni wote, na mnisaidie kushusha mchele."

Walinitazama kama watu wanaofikiria kumpigia mtu simu. Lakini walishuka, wakasimama kando ya barabara na magunia yetu, mbuzi zetu na vitunguu vyetu, na mimi nikazunguka mtaa peke yangu na gari tupu. Likaruka. Likapiga hatua za pembeni. Nikarudi nacheka peke yangu nyuma ya kioo.

"Pandeni wawili," nikasema. Nikazunguka. Liliruka kidogo. "Pandeni wote." Likatulia.

"Mwenzetu, tumetoka machinjioni sasa hivi," akasema mkubwa wao, anafuta jasho. "Tukianza kupimwa uzito tunaogopa."

Nikawaeleza. Miezi yote nilikuwa nalipunguzia gari mizigo, na gari lilikuwa linalia njaa ya mizigo. Siku ya mchuzi nilikuwa na sufuria mbili tu. Sisi tunakotoka gari likisumbua kosa ni la mzigo kuzidi, au la chuma kuchoka, na hakuna mtu wa kwetu, fundi wala mume wala wale wote wa mbele ya msikiti, ambaye angewaza kwamba chuma kinaweza kuwa na nguvu kupita kiasi. Mume wangu alikuwa ametoa springi za gari na kuweka nene, kwa ajili ya mlima. Springi nene kwetu ni sifa ya gari, na ya mwenye gari. Kila aliyeziona alizipongeza.

Nilianza na kilicho rahisi. Kwenye mlango wa dereva kuna kibandiko kinachosema matairi yatiwe upepo kiasi gani likiwa tupu na kiasi gani likiwa limejaa. Mume wangu alikuwa anayajaza kwa kile kiasi cha kujaa, na anaongeza kidogo cha kwake. Nikashusha upepo mpaka kiasi cha gari tupu. Nusu ya mruko ikaondoka hapo hapo. Nusu iliyobaki nikaipeleka kwa fundi.

"Maman, ressort nguvu inaweza kuwa faute, kuwa kosa?" akauliza, na kwa mara ya kwanza akawa na maneno machache. Akalinyanyua tena. Tukasimama wote wawili chini yake tukazitazama: mabapa mazito ya chuma, moja juu ya lingine, ya kubeba gari lililojaa hadi dari kwenye njia ya mawe na matope. Mbele nako kulikuwa kumeinuliwa ili tumbo lisiguse ardhi. "Wapi alipata hizi?" fundi akauliza kwa wivu. "Hii ni gari ya kupanda mulima. Hapa Bruxelles inapanda nini? Trottoir ya kando ya njia?"

Nilicheka naye. Nilirudi nyumbani nikiwa na maneno ya ushindi tayari mdomoni, nimeyapanga njiani, matamu.

Nilimkuta mume wangu mezani anakunja sambusa. Ni kazi anayonisaidia siku za shughuli, na anaifanya vizuri kuliko mimi, ingawa hilo nalo simwambii. Nikakaa mbele yake.

"Nimeupata ugonjwa," nikasema. "Ni ressorts. Zile ulizoweka."

Akaendelea kukunja. "Ressorts za mlima."

"Ndiyo."

"Gari tupu haiwezi kuzibonyeza."

"Haiwezi."

Akabana ncha ya sambusa kwa kidole. Niliona anajua, na pengine alikuwa anajua tangu siku nyingi, au angejua kama angejiruhusu kuuliza. Yale maneno yangu matamu yakanikauka. Kuzitoa zile springi haikuwa kazi ya fundi peke yake. Ilikuwa ni kusema kwa sauti kwamba gari hili ni la Anderlecht, la reli za tramu na sufuria za pilau, na kwamba sisi nasi tumekuwa watu wa hapa bila kuamua. Nilimhurumia sana. Nikajihurumia na mimi, kwa sababu ile njia ya uji mwekundu nami nilikuwa nayo kichwani miaka yote, na nilikuwa nimeshachagua jiko langu la kule litazame upande gani.

"Tuziache," nikasema. "Endesha wewe. Mimi nitakaa pembeni nishike sufuria."

Akainua macho. "Na chakula kifike baridi? Bibi harusi amekukosea nini?"

Nilicheka, macho yamenijaa maji. Yeye akakunja sambusa nyingine, ikatoka imepinda, akaiweka kando.

"Zile za zamani ziko cave, huko chini," akasema. "Nilizipaka mafuta. Hazina kutu."

Mtu wa Buyenzi hatupi chuma. Asubuhi alizibeba mwenyewe kutoka chini ya nyumba, hakutaka nishike hata upande mmoja. Kwa fundi alisimama mlangoni muda wote wa kazi, mikono nyuma. Mabapa mazito yaliposhushwa aliyagonga kwa kiganja, kama mtu anayemuaga mwenzake wa kazi, halafu akatoka nje kununua chai. Fundi akarudisha zile nyembamba, akashusha mbele, akanyoosha magurudumu upya. Gari likawa fupi kidogo. Mimi sasa napanda bila kukunja gauni.

Siku ya harusi niliendesha mimi. Mume wangu alikaa pembeni, ameshika kile kipini cha juu ya mlango, na kwenye mawe nilimwona anasubiri. Baada ya reli za kwanza akakiachia. Chakula kilifika kinatoa moshi. Jirani alinikumbatia mbele ya watu, na wale mama wanne wakawaeleza wageni wote kwamba ugonjwa wa gari waliutambua wao, kwa miili yao. Sikuwabishia.

Springi nene hazikwenda kukaa chini ya nyumba. Kulikuwa na jamaa mmoja wa Buyenzi, anarudi nyumbani moja kwa moja, na gari lake la aina ile ile lilikuwa linangoja kontena Antwerp. Mume wangu akampa springi zote. Alimwomba jambo moja tu: akishafika, apande nazo mara moja mpaka kwenye kiwanja chetu, amwambie zimeshika vipi. Yule jamaa akaapa. Baada ya hapo mume wangu hakuzitaja tena, na mimi sikumkumbusha, lakini kila simu ilipolia alikuwa anaitazama haraka mno.

Ujumbe ulikuja siku ya mvua, tumekaa jikoni. Ulikuwa wa sauti. Tulisikia upepo kwanza, na mbuzi, halafu yule jamaa anahema kwa furaha.

"Grand frère, kaka, niko kwa kiwanja yako! Niko juu kabisa! Mais écoute, sikiliza: huku kote wameweka lami. Lami kutoka chini mpaka hapa, hata taksi ndogo zinapanda. Ressorts zako hazikupata kazi. Gari iliruka njia nzima, mgongo unaniuma!"

Mume wangu akaucheza ujumbe tena. Nikamtazama usoni kwa hofu, kwa sababu sikujua kitatoka nini. Akavua miwani. Mabega yakaanza kumtikisika, na nilikuwa nimeshanyoosha mkono nimshike nilipogundua kwamba anacheka. Alicheka mpaka akashika meza. Miaka yote ile alikuwa anaandaa gari kwa ajili ya matope, na matope yenyewe hayakumngoja.

"Lami," akasema alipopata pumzi. "Na hizi springi laini tunapanda vizuri tu."

"Tunapanda," nikasema. Halafu, kwa kuwa ulikuwa wakati mzuri wa kuuliza: "Na nani atakuwa kwenye usukani?"

Akafuta miwani kwa ncha ya shati, taratibu, akaivaa.

"Wewe," akasema. "Mimi nataka kutazama dirishani."